Jembe la Darerca: uke na thamani yake katika wasifu wa watakatifu wa Ayalandi

Wasifu wa Kilatini wa Darerca, abesi, yaani mkuu wa watawa wa kike, aliyeanzisha monasteri ya Killeevy karibu na mlima Slieve Gullion, unasimulia kwamba alilima na kupanda kwa mikono yake mwenyewe. Mwandishi anaongeza sifa moja iliyozua mabishano makubwa: kwamba alibeba moyo wa kiume katika mwili wa kike. Kiswahili kina neno linalokaribia hapo, jikedume, nalo humsifu mwanamke huku likimtoa miongoni mwa wanawake wenzake.

Wahakiki wengi huanzia kwenye sifa hiyo, na hoja yao ina uzito. Kati ya watakatifu wapatao 60 wa Ayalandi wenye wasifu wa Kilatini, wanawake ni wanne tu: Brigit wa Kildare, Darerca, Íte wa Killeedy na Samthann wa Clonbroney. Sheria za nchi hiyo zilimweka mwanamke chini ya ulinzi wa baba, kisha mume, kisha wana. Wahakiki hao wanasema kwamba watawa wa kiume walioandika simulizi hizi hawakuweza kumwazia mwanamke mwenye mamlaka bila kwanza kumvua uke wake, na ushahidi wanaoupenda zaidi ni jicho la Brigit. Kaka yake Bacéne alimwambia kwamba jicho lile zuri lililo kichwani mwake litaposwa na mwanamume, apende asipende. Brigit akalitoboa kwa kidole, akawaambia kaka zake kwamba jicho lao zuri ndilo hilo. Hapo, tunaambiwa, mtakatifu anauharibu mwili wake ili aache kuwa mwanamke.

Simulizi yenyewe, inayopatikana katika wasifu wa Kiayalandi wa karne ya 9, haisemi hivyo. Inasema kwamba kaka hao walisikitika kwa sababu ya mahari ambayo wangeikosa. Kilichotobolewa, basi, ni mali iliyokwisha kupigiwa hesabu na wauzaji. Nadhani tofauti hii ndiyo inayosahaulika katika mjadala mzima: kinachokataliwa ni bei ya mwanamke, wala si uanamke.

Bei hiyo ilikuwa na jina. Kipimo kikubwa cha thamani katika sheria za Ayalandi ya kale kiliitwa cumal, na maana ya neno hilo ni kijakazi. Ingawa malipo yenyewe mara nyingi yalitolewa kwa mifugo, cumal moja ikihesabiwa kwa kawaida kuwa ng'ombe 3 wa maziwa, jina halikubadilika. Heshima ya mfalme wa nchi ndogo ikivunjwa, fidia yake ilikuwa cumal 7. Wanasheria waliandika neno hilo siku zote katika mambo ya ardhi, fidia na madeni, na sidhani kwamba msomaji wa wakati ule aliweza kulisikia bila mwanamke yeyote kumpitia akilini, kwa kuwa vijakazi wenyewe walikuwapo, wakisaga nafaka na kukamua ng'ombe.

Brigit ni mtoto wa mmoja wao. Wasifu wake unaeleza kwamba mama yake, Broicsech, alikuwa mtumwa, na kwamba baba yake, Dubthach, alimpakia bintiye garini akamuuze kwa mfalme wa Leinster, awe msagaji wake. Baba alipoingia kwa mfalme, upanga wake ulibaki garini. Mkoma akaja kuomba, na Brigit akampa upanga ule. Baadaye, mganga aliyemmiliki mama yake alipomtunuku ng'ombe aliokuwa akiwakamua, Brigit alimjibu akae na ng'ombe wake, ampe uhuru wa mama yake. Katika nchi ambamo kijakazi huhesabiwa kwa ng'ombe, jibu hilo linaigeuza hesabu yote juu chini, tena linatoka kinywani mwa binti aliyekuwa akishughulika na siagi, kazi ya kike kabisa.

Kwa Íte jambo hilo liko wazi zaidi. Alijulikana kuwa mlezi wa watakatifu wa Ayalandi, katika jamii iliyowapeleka watoto kulelewa nyumba nyingine, na ambamo kifungo cha malezi kilikuwa na nguvu kama cha damu. Brendan, baharia aliyekuwa mwanawe wa kulea, alipozunguka bila mafanikio akiitafuta nchi aliyoahidiwa, Íte ndiye aliyemweleza kwamba hataifikia katika chombo cha ngozi za wanyama waliochinjwa. Brendan akaunda cha mbao. Mwana mkubwa anarudi kumsikiliza mama mlezi, na hakuna uanaume wa kuazima katika mamlaka hayo.

Sitaki kuvuka mpaka upande wa pili, kwa wale wanaoigeuza Ayalandi ya kale kuwa bustani ya usawa. Wasifu ule ule wa Brigit unasema kwamba askofu Mel alimsomea sala ya kumweka kuwa askofu huku akiwa amelewa neema ya Mungu, hajui anachosoma. Mwandishi alihitaji udhuru. Kildare, monasteri ya Brigit, nayo ilikuwa na maslahi yake: Cogitosus, aliyeandika wasifu wa Brigit katika karne ya 7, alidai mamlaka ya monasteri hiyo yameenea Ayalandi nzima, na dai kubwa hivyo lilihitaji mwanzilishi mkubwa. Lakini maslahi hayo yangeweza kuhudumiwa bila siagi na bila mama mtumwa.

Darerca naye, alipokaribia kufa, wakuu wa nchi walimsihi asiwaache. Aliwaachia vazi lake la ngozi ya nyegere na vifaa vyake vya kulimia, wavibebe maadui watakapokuja kuwapora, akiwakataza wasivivushe mipaka yao kwenda kuwashambulia wengine. Mwandishi aliyemsifu kwa moyo wa kiume hakumpa upanga hata mwishoni.