Mwanagenzi anayenyamaza amepiga hesabu

Kila mara habari ya unyanyasaji wa kingono kwenye ofisi ya mawakili inapotoka, swali la kwanza ni lile lile: mbona hakusema wakati ule? Na anayeuliza mara nyingi ni wakili mwenyewe, ati huyu msichana amesoma sheria, anajua mlango wa korti uko wapi, alikuwa anangoja nini. Mimi nimefanya kesi za biashara miaka 14, korti za Milimani hapa Nairobi ndio kama nyumbani, madeni ya benki, wakurugenzi waliokosana, mikataba ya ujenzi iliyoingia maji, na hilo swali linaniuma kwa sababu kazi ambayo sisi tunalipwa kila siku ni kumwambia mteja asiende kortini. Mteja anakuja amevimba kwa hasira, tunamuuliza ushahidi uko wapi, shahidi ni nani, huyo unayemshtaki bado unamhitaji kibiashara, gharama utaweza? Akikosa majibu tunamwambia aachane nayo, na anatushukuru tena anatulipa. Mwanagenzi, yule aliyesoma sheria na bado anajifunza kazi chini ya wakili kabla ya kuapishwa, akijifanyia hesabu hiyo hiyo usiku peke yake kitandani, akapata jibu lile lile, tunasema ni mwoga.

Mwaka 2019 IBA, ile jumuiya ya kimataifa ya mawakili, ilitoa ripoti baada ya kuuliza watu karibu 7,000 wa taaluma yetu kutoka nchi 135. Mwanamke mmoja kati ya watatu waliojibu alisema amenyanyaswa kingono kazini, na hiyo ndiyo watu wanainukuu sana. Mimi inayoninyima usingizi ni ile ingine, kwamba asilimia 75 ya visa hivyo havikuripotiwa. Kwa kila visa vinne, vitatu vilifia kimya. Kuna wenzangu wanasema waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hivyo pengine walioumia ndio waliokimbilia kujibu. Sawa, nakubali. Lakini basi fikiria vizuri, hao ndio wenye hamu ya kusema, na hata wao robo tatu ya yaliyowapata hawakuyapeleka popote, na hawa ni watu ambao kazi yao ni kulalamika kwa niaba ya wengine, wanaoandika barua za madai kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wakiulizwa kwa nini, sababu zilikuwa ukubwa wa aliyefanya, kuogopa kulipiziwa, na kwamba ofisini kwao hayo mambo ni kawaida.

Nikiwa mwanagenzi, bosi alinipeleka kwa chakula cha jioni na mteja aliyekuwa na kesi kubwa ya mkopo. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba faili na kuandika. Kabla supu haijafika mkono wa mteja ulikuwa kwenye paja langu, chini ya kitambaa cha meza. Nikamwangalia bosi. Akafungua menyu, akaisoma sana, ukurasa wa vinywaji akaurudia mara mbili. Nilikuwa nimebakisha wiki saba kumaliza uanagenzi na sahihi ya kuthibitisha nimemaliza ni yake, na bila hiyo sahihi huendi mbele ya Jaji Mkuu kuapishwa. Basi nikasogeza kiti, nikaendelea kuandika. Hiyo notibuku ninayo mpaka leo, kuna mahali kalamu imetoboa karatasi.

Sasa tuseme ningesema, ningemwambia nani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, ikieleza nani anaweza kukunyanyasa kingono kazini, inamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzako. Mteja hayumo. Na kwa kesi za biashara mteja ndiye mwenye nguvu kuliko wote mezani, ada yake inalipa kodi ya ofisi nzima. Kifungu hicho hicho kinamlazimisha mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya unyanyasaji, na mawakili wenzangu hesabuni wenyewe ni ofisi ngapi mnazozijua zinafika 20, ukijumlisha karani na wa kupika chai. Nyingi ni wakili mmoja au watatu. Ukienda kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, hapo wanataka mwenye mamlaka awe amefanya kwa kurudiarudia. Mkono mara moja chini ya meza, umetoka hapo mikono mitupu.

Upande wa pili upo na sio wa watu wabaya tu. Rafiki yangu ana ofisi ya mawakili watatu, ananiambia meseji moja ya kumtuhumu ikizunguka WhatsApp jina lake limekwisha kabla hajasikizwa, na ile haki ya kusikizwa kwa usawa iko kwenye Katiba ya 2010 kwa wote, yeye pia. Ana haki. Kule London mwaka 2020 Mahakama Kuu ilifuta uamuzi wa jopo la nidhamu dhidi ya wakili mkubwa kuhusu mambo yaliyotokea na mwenzake mdogo baada ya kunywa, jopo lilikuwa limempiga faini ya pauni 35,000 na gharama za pauni 200,000, na majaji wakasema msimamizi wa mawakili hawezi kuingilia maisha ya mtu ya faragha bila mipaka. Kuna pia wale wanasema sera ndio dawa, lakini ripoti ya IBA ilikuta penye sera watu wananyanyaswa sawa tu na pasipo sera.

Kwa hivyo sidai kila anayetajwa afukuzwe. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo: sahihi ya uanagenzi isiwe mikononi mwa mtu mmoja, na mteja aingizwe kwenye sheria, maana hata Mkataba namba 190 wa 2019 wa ILO, lile shirika la kazi duniani, umewafikiria watu wa nje ya ofisi. Rafiki yangu anasema hilo litafukuza wateja. Pengine. Kwenye mkataba wangu wa uwakilishi nimeweka sentensi mbili, kwamba mteja akimnyanyasa mtu wa ofisi yangu nitajitoa kwenye kesi yake. Wengi wanatia sahihi bila hata kusoma. Mwaka jana mmoja alisoma, akacheka, akazikata na kalamu yake mbele ya mwanagenzi wangu, akanirudishia karatasi. Kesi yenyewe ilikuwa nzuri, ya pesa nyingi. Nikamwomba yule binti alete faili zote, tukazifunga na uzi, jamaa akaondoka nazo siku hiyo hiyo.