Hodi Kwenye Nguzo ya 47

Arobaini na tano, arobaini na sita, arobaini na saba… "Hodi!"

Sasa hapo mtu mzima ajibu nini? Akisema karibu, hesabu imeenda. Akinyamaza, mwanga wa mshumaa unamsaliti chini ya mlango. Na hii ni Aprili, stima imepotea tangu saa 11 jioni, bati linalia utadhani kuna mtu anamwaga kokoto huko juu. Usiku wa namna hii uliumbiwa kroshia. Televisheni imekufa, simu ina asilimia 4, hakuna wa kukutuma dukani. Ni wewe, uzi wa pamba mweupe na sindano ya milimita 1.5. Mweupe, nasisitiza. Anayefuma uzi mweusi kwa mshumaa anatafuta miwani kwa lazima.

Wanaowacheka wanaume wanaofuma vitambaa vya makochi, wacheke. Sijaona hata mmoja akikataa kuegemeza kichwa hapo.

Kitambaa cha duara ni hesabu tupu, ndiyo maana kinatuliza: kichwa kinachohesabu hakina nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba. Unaanza na mnyororo wa vitanzi 4, unaufunga uwe pete. Unapanda vitanzi 3, hivyo vinasimama badala ya nguzo ya kwanza (nguzo ni ule mshono mrefu uliosimama), kisha unafuma nguzo 11 ndani ya pete. Jumla 12. Safu ya pili, nguzo mbili juu ya kila moja: 24. Ya tatu, moja peke yake halafu pacha, yaani mbili shimo moja, moja halafu pacha: 36. Ya nne, mbili halafu pacha: 48. Ya tano, tatu halafu pacha: 60. Kila safu inaongeza 12, basi. Ukisahau pacha, kitambaa kinainuka kingo na umefuma kofia ya mtoto. Ukizidisha, kinafanya mawimbi kama jani la sukuma wiki. Na asiyekumbuka kwamba vile vitanzi 3 vya mwanzo ni nguzo, kila safu inamzalia nguzo moja ya haramu, halafu analaumu uzi.

Basi niko safu ya tano, nguzo ya 47, na jirani yuko mlangoni anachuruzika maji.

"Karibu, jirani. Arobaini na saba."

"Arobaini na saba nini? Kaunti?"

"Nguzo."

"Wee acha! Nauli ya hamsini leo ni mia na hamsini!"

Mnaona balaa lenyewe? Mtu huyu hajui kulalamika bila tarakimu.

"Pole sana. Arobaini na saba, arobaini na nane…"

"Na gari la watu kumi na wanne tumepanda kumi na tisa!"

"Arobaini na… kumi na tisa…"

"Masaa mawili pale raundabauti ya Globe! Mawili, mzee! Maji yamefika hapa." Akaonyesha paja, gambuti zote mbili zikatapika maji juu ya zulia, akaketi. Akakalia donge la uzi.

Kukaliwa hakuliumizi donge. Kinachoumiza ni kwamba uzi umebanwa, kila ukivuta unakaza, na nguzo za uzi uliokazwa huwa fupi. Safu nzima inajivuta ndani. Kwa kawaida donge linakaa ndani ya sufuria, linazunguka humo taratibu bila kukimbilia chini ya kitanda. Lakini usiku huu sufuria zangu zote ziko kazini, zinakinga matone ya bati.

"Jirani, hebu inuka kidogo."

"Mwavuli mia tatu! Umegeuka nje ndani hata sijavuka barabara ya Tom Mboya!"

"Inuka, tafadhali."

"Kwani hiki ni chandarua?"

Mimi ni mtu mstaarabu. Mgeni nampa kiti, nampa taulo, nampa pole. Lakini jamani! Mbona kwa wakala wa M-Pesa, akishika noti na kuzihesabu, foleni nzima inanyamaza kama kanisani? Mbona hakuna anayemwambia wakala mwavuli ni mia tatu? Au heshima ni ya noti peke yake, na nguzo zangu ni za kupondwa na makalio yenye maji?

Haya. Kupotea njiani hakumlazimu mtu kufumua. Tafuta pacha, zile nguzo mbili zilizotoka shimo moja. Kwenye safu ya tano kila kipande kina nguzo 5: tatu za upweke na pacha wao. Hesabu pacha, zidisha kwa 5, ongeza zilizobaki mwishoni. Pacha 9, na nguzo 2 juu. Yaani 47. Jamaa ameongea dakika 20 na sijasogea hata nguzo moja! Wenye busara huchomeka pini ya nepi kwenye kila pacha wa tatu, mgeni akija anakuta ukuta. Zangu zimefunga zipu ya suruali ya mtoto na pazia la choo.

"Na vinakakamaa vipi hivi, kama sahani?" Sasa ameuliza swali la maana. Nikajisahau, nikafundisha. Kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, chemsha mpaka iyeyuke, iache ipoe, chovya kitambaa, kamua, kibane kwa pini juu ya godoro lililotandikwa karatasi ya nailoni mpaka kikauke. Ila usithubutu Aprili. Sukari inavuta unyevu, kitambaa hakikauki, kinanata, na sisimizi wanaitana mpaka wa ploti ya pili. Msimu wa mvua tumia wanga wa mahindi, na uwe uzi wa pamba. Akriliki, ule uzi wa plastiki, haishiki wanga sawasawa, na pasi ya moto inaiua kabisa, inalegea moja kwa moja.

Jirani alikuwa ameacha kusikiliza kwenye neno la pili.

"Kwani uko na sukari?"

Kumbe! Dakika 20 za nauli, Globe na mwavuli, na mtu alikuja kuomba sukari. Si ungesema mlangoni? Nimempimia nusu kikombe. Akaomba na maji ya chai, maana mfereji una siku tatu haujatoa tone, nasi tunaogelea. Nikamwambia achukue kwenye ndoo. Hakuiona ndoo gizani, akabeba sufuria ya kona ya kitanda, ikiwa imejaa, akasema Mungu akubariki, akaondoka na gambuti zake zinaimba kwenye korido.

Sasa tone la ile kona linaangukia godoro. Nimelisukuma huku, linaangukia mto. Nimehamisha mto, mshumaa umezimika, na hiki kitambaa mkononi nilikuwa nimefika nguzo ya… arobaini na… Si alisema kumi na tisa?