Someni jumla, majina yaacheni

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, Machame, ibada ya Majilio. Mahubiri yalichukua dakika 15. Kusoma majina ya waliochangia paa la kanisa, na kiasi cha kila mmoja, kulichukua dakika 40. Niliangalia saa kwa sababu mama yangu, niliyekaa naye benchi moja, alikuwa ameinamisha kichwa muda wote huo. Mwaka huo kahawa haikumpa kitu, hakuwa na cha kusomewa.

Naishi Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 9 sasa. Kwa Mlutheri wa Kilimanjaro jina la mji huu si geni, maana wamisionari waliofika kwetu Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya hapa. Nilipokuja nilidhani nimefika kwenye chemchemi. Nikakuta kanisa la mtaani kwangu lina watu kama 25 Jumapili, wengi wao wazee, na msimu wa baridi wanahamia chumba kidogo cha pembeni kwa kuwa kulipasha joto kanisa zima ni gharama. Hakuna kwaya ya akina mama, hakuna wa kukuuliza jumuiya yako ni ipi. Miezi ile ya kwanza nilikuwa nikitoka ibadani nalia barabarani.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo, sadaka. Wanaitoa mlangoni wakati wa kutoka, kila mtu anatumbukiza chake. Jumapili inayofuata mzee wa kanisa anasoma sentensi moja tu: wiki iliyopita tulitoa euro 84, zinakwenda kusaidia wakimbizi, Mungu awabariki waliotoa. Hajui nani katoa 20 na nani katoa senti 50, na hakuna anayetaka kujua. Kisha wanaomba. Nilipozoea niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu naingia kanisani bila kupiga hesabu watu watanionaje.

Sisemi huku ndiko kwenye imani. Mwanachama wa kanisa anakatwa kodi ya kanisa, hapa jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na mtu anaweza kumaliza mwaka mzima ametoa bila moyo wake kushiriki hata mara moja. Pale kanisa la Thomaskirche, lilipo kaburi la Bach, mtunzi wa muziki, wageni wanapanga foleni kulipiga picha. Bach mwenyewe alikuwa akimalizia kazi zake nyingi za kanisani kwa herufi tatu, S.D.G., yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Wengi wanaondoka na picha na herufi zile hawazijui.

Bibi mmoja wa usharika huu aliniambia kwamba enzi za Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, mtoto aliyeshika kanisa angeweza kunyimwa nafasi ya chuo kikuu. Aliyekuja kusali alikuja kusali. Tarehe 9 Oktoba 1989 chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wakajaze viti vya Nikolaikirche, kanisa jingine la hapa Leipzig, kabla ya sala ya amani, ili waombaji wakose nafasi. Viti vilijaa kwa amri. Nikiambiwa siku hizi kwamba nyumbani makanisa yanajaa, namshukuru Mungu kwa moyo wote, lakini habari ile ya viti hainitoki.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mnada wa mazao yanayotolewa sadaka. Wapo wanaotaka tuufute kabisa, na mimi siungi mkono. Mnada wa baada ya ibada ndio unaompa mjane mwenye mayai matatu na asiye na shilingi nafasi ya kumtolea Mungu kilichopo mkononi. Nimekulia hapo, nimebeba mkungu wa ndizi kichwani toka shambani hadi uwanja wa kanisa. Kinachoniuma ni pale mayai yale yanapogeuka uwanja wa wakubwa wawili kushindana bei, watu wanapiga makofi, na mwenye mayai amesahauliwa. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume. Sisi tunausomea usharika mzima.

Najua jibu la wazee wetu, nimelisikia: majina yasiposomwa watu hawatatoa, na paa halitaisha. Inawezekana. Ila kama ni kweli, basi tulichokuwa tukipokea miaka yote si sadaka, ni malipo ya kutajwa, na afadhali tulijue hilo mapema hata kama paa litachelewa.

Basi naliomba baraza la wazee la usharika wangu, na la kwako wewe unayesoma: Kwaresima ijayo, Jumapili zake sita tu, risiti mpeni kila mtoaji mkononi, daftari likae kwa mhasibu, na mbele ya madhabahu someni jumla. Dakika zitakazobaki tuimbe.