Nani Alimlipa Shujaa? Watu wa Jumba la Makumbusho la Savannah

Historia ya haki za kiraia nchini Marekani husimuliwa kwetu kwa hotuba na maandamano, nasi tunabaki tukistaajabia ushujaa wa waliohusika. Katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, lipo jumba la makumbusho ambalo, kwa maoni yangu, linatulazimisha kuuliza swali linalotangulia lile la ushujaa: mtu huyu aliyethubutu kusimama alikuwa akila kwa mkono wa nani? Jumba hilo, Ralph Mark Gilbert Civil Rights Museum, lilifunguliwa mwaka 1996, na aliyelipigania kuliko wengine wote alikuwa mpeleka barua wa posta.

Westley Wallace Law alizaliwa Savannah tarehe 1 Januari 1923 na kulelewa na mama yake na bibi yake katika umaskini. Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimaliza shahada ya biolojia katika chuo cha Weusi cha mji huohuo, akaomba kazi ya ualimu, akanyimwa kwa sababu alikuwa mwanachama wa NAACP, chama kikuu cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Akaingia posta, na huko akabeba mkoba wa barua kwa zaidi ya miaka 40. Waliomnyima chaki bila shaka walidhani wamemkomoa. Ninavyoona mimi, walimpa nafasi ambayo mwalimu Mweusi wa Georgia hakuwa nayo, kwa kuwa mshahara wa mwalimu ulikuwa mikononi mwa bodi ya shule ya Wazungu wa palepale, ilhali mshahara wa posta ulitoka Washington, kwa serikali kuu. Mwaka 1950 alichaguliwa kuongoza tawi la NAACP la Savannah, akalishika hadi mwaka 1976.

Ukiwatazama wenzake utaona jambo hilohilo likijirudia, na ndiyo maana siamini kwamba ni sadfa. Mchungaji Ralph Mark Gilbert, ambaye jumba limepewa jina lake, alilifufua tawi hilo mwaka 1942 na kuliongoza kwa miaka minane, huku akisaidia kuanzisha matawi mengine zaidi ya 40 katika jimbo zima. Kampeni yake ya kuandikisha wapigakura Weusi iliugusa uchaguzi wa mji kiasi kwamba mwaka 1947 Savannah iliajiri askari polisi tisa Weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo katika majimbo ya kusini. Gilbert alikuwa mchungaji wa kanisa la First African Baptist, kwa hiyo aliyemlipa ni mwumini Mweusi aliyetia sadaka yake kapuni siku ya Jumapili, na hakuna mwajiri wa Kizungu ambaye angeweza kumwita ofisini na kumwonya. Naye Hosea Williams, aliyewaongoza watu katika maandamano ya usiku ya mwaka 1963 na kuwekwa jela kwa zaidi ya miezi miwili, alikuwa mkemia wa Wizara ya Kilimo ya serikali kuu. Mchungaji, mpeleka barua, mkemia wa serikali: tabia zao zilitofautiana sana, na Law na Williams walikosana vikali kuhusu maandamano hayo, lakini wote watatu chungu chao kilipikwa mbali na jiko la wapinzani wao.

Tarehe 16 Machi 1960 vijana wa NAACP walikwenda kuketi kwenye kaunta za chakula za maduka ya barabara ya Broughton, ambako Mweusi aliruhusiwa kununua shati lakini haruhusiwi kuketi na kula. Watatu kati yao, Carolyn Quilloin, Ernest Robinson na Joan Tyson, walikamatwa katika mgahawa wa Azalea Room ndani ya duka la Levy's. Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Watu Weusi waliyasusia maduka ya Broughton kwa muda mrefu, hadi wenye maduka wakahisi pengo katika hesabu zao. Mwaka 1961 mji ulifuta sheria iliyotenganisha watu kwenye kaunta, na kufikia Oktoba 1963 sehemu za umma zilikuwa zimefunguliwa kwa wote, miezi kadhaa kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Silaha ambayo Wazungu walizoea kuitumia dhidi ya mwalimu na mpishi, yaani kumkatia mtu riziki, iligeuzwa na kuelekezwa kwa mwenye duka. Ni kweli pia kwamba ulinzi wa Washington haukuwa ukuta usiobomoka: mwaka 1961 Law mwenyewe alifukuzwa posta, na ilibidi viongozi wa kitaifa wa chama waingilie kati ndipo akarudishiwa kazi yake.

Ndani ya jumba kaunta ile imejengwa upya kwa mfano, na ipo ramani yenye taa inayoonyesha mahali 87 palipohusika na harakati hizo. Kwangu mimi, jengo lenyewe ndilo kielelezo kikuu. Lilijengwa mwaka 1914 kwa ajili ya Wage Earners Savings Bank, benki ya watu Weusi, katika barabara iliyoitwa West Broad, ambayo ilikuwa mtaa wa biashara wa Weusi wa Savannah. Stesheni kubwa ya reli ya mtaa huo ilibomolewa mwaka 1963 kupisha barabara kuu, na biashara nyingi zilizoizunguka zikadhoofika. Leo barabara hiyo inaitwa Martin Luther King Jr. Boulevard. Mwaka huohuo wa 1963 sehemu za umma zilipofunguliwa kwa wote, mtaa wa biashara wa Weusi wenyewe ulikuwa ukivunjwa. Na natamani jumba hili liliseme jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko linavyoimba ushindi.

Swali la riziki haliishii kwa waasisi, kwa maana majumba yenyewe nayo hula. Jumba la makumbusho ya haki za kiraia la mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, lililo katika Lorraine Motel alikouawa Martin Luther King, liliokolewa na kundi lililoongozwa na wakili D'Army Bailey, ambalo mwaka 1982 lilinunua hoteli hiyo mnadani kwa dola 144,000. Baada ya jumba kufunguliwa mwaka 1991 Bailey hakudumu uongozini, na kwa miaka mingi alilalamika kwamba bodi imejaa wakubwa wa makampuni. Sisemi kwamba fedha za makampuni ni haramu. Nasema kwamba jumba linalosimulia habari za watu waliofukuzwa kazi linapaswa kujua ni nani anayeweza kulifukuza lenyewe.

Kwa sababu hiyo namheshimu Law kwa namna alivyotumia miaka yake ya mwisho. Hakuliita jumba kwa jina lake, bali kwa jina la mchungaji aliyemtangulia. Alipambana kuihifadhi nyumba ya King-Tisdell, iliyofanywa makumbusho ya historia ya Weusi, Beach Institute, iliyokuwa shule ya Weusi walioachwa huru kutoka utumwani, na sehemu ya Weusi ya makaburi ya Laurel Grove, huku nyumba yake ikijaa vitabu, barua, picha na santuri. Alifariki tarehe 28 Julai 2002, na mkusanyiko wake sasa umo katika hifadhi ya nyaraka ya mji wa Savannah. Wapo watakaokereka kwamba mji uliowahi kumkamata kijana kwa kuketi kwenye kaunta ndio unaotunza barua za kiongozi wake. Mimi naliona jambo hilo kuwa haki, maadamu Weusi wa Savannah nao wanalipa kodi inayoitunza hifadhi hiyo, na maadamu mjukuu wa mpishi aliyepoteza kazi mwaka 1960 anaweza kuingia, kuomba faili na kulisoma bila kuulizwa analitakia nini.