Arobaini ya mzazi: mlango upi ufungwe

Tanga mjini, Ngamiani kama Msambweni, bado zipo nyumba nyingi ambazo mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, hatoki nje mpaka arobaini yake, siku arobaini tangu azae, itimie. Wauguzi wa kliniki hulalamika kwamba desturi hii inawachelewesha wanawake kufika kliniki. Wazee nao hujibu kwamba hospitali humruhusu mama baada ya siku moja, kisha haimjui tena. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja zenyewe hazilingani uzito.

Tuanze na wazee, maana wanabezwa isivyostahili. Mji wa mimba huwa na uzito wa kama kilo moja mara tu baada ya kujifungua, na ndani ya wiki sita hurudi kwenye gramu zipatazo 60. Mwili unaofanya kazi hiyo huku ukitoa maziwa haufai kubebeshwa ndoo ya maji. Uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, samaki, na mtu mzima wa kulala naye chumba kimoja: hayo ni matunzo halisi. Mtu huyo ndiye anayejua kama machozi ya siku ya tatu au ya nne yamepita, jambo la kawaida, au yamevuka wiki mbili na mama halali hata mtoto akilala. Yakifika huko, ni sonona, nayo inatibika. Daktari hawezi kuona hayo kwa dakika kumi. Anayejifungulia chumba cha kupanga, mbali na kwao, na kurudi jikoni siku ya tatu, amekosa kitu kikubwa.

Kukandwa kwa maji ya moto kunahitaji kuchambuliwa zaidi. Kitambaa cha uvuguvugu mgongoni na kiunoni hulegeza misuli, hakina neno. Maji yanayounguza tumboni ni jambo jingine. Hayatoi "damu iliyoganda", kwa sababu mji wa mimba hujikaza na kuisukuma nje wenyewe, hasa mtoto anaponyonya. Ndiyo maana chango, maumivu ya tumbo baada ya kuzaa, huuma wakati wa kunyonyesha. Mabonge makubwa au harufu mbaya huashiria mabaki ya kondo au maambukizi, na mkono wa mkandaji hauwezi kuyaondoa. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa, na aliyeshonwa njia asimwagiwe maji ya moto kwenye mshono: aoshe kwa maji safi, akaushe kwa kugusagusa. Mkaja nao, kitambaa cha kufunga tumbo la mzazi, usikazwe mpaka pumzi ipande kwa shida, kwani shinikizo hushuka kwenye nyonga iliyokwisha kulegea. Jiko la mkaa lisiwekwe chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi usioonekana huua mama na mtoto pamoja.

Lakini kosa kubwa la arobaini ni mlango. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe ndani ya saa 24, tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya sita. Aliyekwisha kuruhusiwa, akasubiri arobaini, huambulia mara ile ya mwisho tu, ilhali vifo vingi vya uzazi baada ya kujifungua hutokea wiki ya kwanza. Kifafa cha mimba, jina linalopotosha, humpata hata aliyekwisha kujifungua. Kichwa kinachogonga, macho yenye ukungu na maumivu chini ya mbavu za kulia hupimwa presha siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kutaja shetani.

Na nifasi, damu ya uzazi katika sheria ya dini, isichanganywe na usalama. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani, nifasi kwa kawaida ni siku 40 na upeo wake 60. Hukumu hiyo inahusu swala na funga, haisemi kila damu ya siku hizo ni salama. Pedi ikijaa kabla saa haijaisha, hiyo ni dharura, iwe siku ya pili au ya ishirini. Homa ya nyuzi 38 au zaidi pia haisubiri, wala mguu mmoja uliovimba na kuuma: damu huganda kwa urahisi wiki hizi, hasa kwa anayelala kutwa. Mzazi atembee chumbani na uani tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo arobaini ibaki, kazi za nyumba zibaki kwa wengine, na kliniki iwe safari isiyo na mwiko. Anayelala chumba kimoja na mzazi ashike kadi ya kliniki na nauli ya bajaji ya kumfikisha hospitali ya Bombo, na awe na ruhusa ya kuondoka naye usiku bila kumngoja mume arudi.