Ukiinua kikombe mvua inanyesha: sanaa au midoli ya watu wazima?

Sema umeingia chumba cha maonyesho ukakuta meza, kikombe, ufunguo na redio ya zamani, ukainua kikombe tu mvua ikaanza kunyesha kwenye spika, ukageuza ufunguo ukasikia mlango unafunguliwa. Hiyo ndo sanaa ya sauti shirikishi na wengi wanaicheka, eti midoli ya watu wazima, sensa (kile kifaa kinachohisi ukishika kitu) chini ya meza na kompyuta nyuma ya pazia basi. Siwalaumu sana, maana nyingine kweli ni mbovu, watu kumi wanashika kila kitu kwa mpigo inabaki kelele tupu, na sensa ikizingua ndo unabaki unatikisa kikombe kama umechanganyikiwa.

Ila wana swali moja zito: kama shida ni nisikie mvua au ndege, si uniwekee rekodi nikae nisikilize, mkono wangu unaingiaje hapo?

Kuna Mmarekani anaitwa Bernie Krause, kazi yake kurekodi sauti za maumbile. Mwaka 1988 alirekodi Lincoln Meadow, milima ya Sierra Nevada kule California, kabla kampuni ya mbao haijaanza kukata miti kwa kuchagua mmoja huku mmoja kule, na kampuni ilishasema mazingira hayatadhurika. Mwaka uliofuata akarudi. Kwa macho na kwa picha pako vilevile, huwezi kuona kilichoondoka. Kwa sikio ndege karibu wote kimya, unasikia kijito na kigogota anayegonga gonga basi. Alirudi pale mara 15 ndani ya miaka 25 na bado sauti zilikuwa hazijarudi kama mwanzo. Mara 15 jamani! Hii huwa hainitoki kichwani, yaani picha ilisema kila kitu kiko sawa na picha ilidanganya.

Sasa mwekee mtu rekodi hizo mbili kwenye spika, sekunde ishirini kashika simu. Lakini mpe gogo, mwambie ukiliinua unasikia 1988, ukilishusha 1989, uone. Ataliinua, atalishusha, ataliinua tena, kwa sababu yeye ndo anawanyamazisha wale ndege kwa mkono wake na anataka kuhakikisha. Na ule ufunguo hivyo hivyo, sauti ya kitasa cha nyumba uliyokulia huikumbuki ukiambiwa kumbuka, inakuja mkono ukishazungusha.

Wapinzani wangu wana silaha moja kali lakini, kinanda cha bahari pale Zadar, Croatia, cha mwaka 2005. Mabomba 35 chini ya ngazi za ufukweni, mawimbi yanasukuma hewa yanalia, hakuna sensa, hakuna wa kubonyeza chochote, na watu wanakaa kimya wanasikiliza hadi jua linazama. Mimi huwa nasema pale mkono ni wa bahari, ila najua kabisa hapo najitetea.