Hemofilia ya mtu mzima: dawa ya kinga, au kusubiri damu ivuje?

Sindano za kugandisha damu katika kliniki zetu za hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, nyingi ni za msaada, na hazitoshi. Ndiyo maana wengi huona kinga, yaani kuchomwa mara kwa mara kabla damu haijavuja, ni haki ya mtoto ambaye viungo vyake bado vizima. Mtu mzima achomwe pale tu anapovuja.

Hoja hiyo ina uzito. Mwenye hemofilia A hukosa protini namba 8 ya kugandisha damu, na ukimchoma leo, baada ya saa 12 hivi imebaki nusu. Kwa hiyo kinga haina mwisho. Mtu wa kilo 60 akipewa yuniti 10 kwa kila kilo, mara 2 kwa wiki, anamaliza yuniti 1,200 kila wiki. Anayevuja damu kichwani anaweza kuhitaji yuniti 3,000 kwa mkupuo wa kwanza. Akiletwa usiku na friji ni tupu, tutamwambia nini mama yake?

Lakini mimi siuafiki utaratibu wa kumsubirisha mtu mzima. Chukua fundi cherehani wa miaka 34. Goti huanza kumchonyota jioni, bado halijavimba; anayejua mwili wake anajua damu imeanza. Hospitali iko mbali, nauli hana, anaweka barafu. Asubuhi goti limejaa kama boga na hata suruali haipiti. Wiki 2 hashoni. Anarudi kwa dawa ileile tuliyodhani tumeiokoa, tena wengine huwa wamekwisha kumeza aspirini dukani, inayozidisha kuvuja.

Miongozo ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia ya mwaka 2020 inapendekeza kinga kwa wenye hemofilia kali, hata kwa kipimo kidogo pale dawa inapokuwa haba. Akiba ya dharura itengwe kwanza, hilo silipingi. Kinachobaki kigawanywe kwa kuangalia nani anavuja mara nyingi, badala ya kuangalia umri peke yake. Na anayejua kujichoma apewe dozi moja au mbili akaziweke nyumbani.

Yule fundi, goti la kulia halinyooki tena. Pedali anaikanyaga kwa mguu wa kushoto, na huo bado mzima.